Mifumo ya kompyuta isituache walimu nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya mifumo ya kompyuta inayoletwa mashuleni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kituntu, wilayani Karagwe. Sipingi mifumo hiyo hata kidogo. Zamani mtoto alipohama shule, karatasi zake ziliweza kupotea njiani. Leo anayo namba ya PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani, nayo humfuata aendako. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma nayo yanapitia mfumo wa NeST. Haya ni maendeleo, na lazima tuyapokee.

Lakini nina kisa. Mwaka jana niliandikisha watoto wa darasa la kwanza katika mfumo mmoja ambao sitautaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Wazazi wa mtoto mmoja walihamia huku kutoka Usukumani, na jina lake la ukoo linaanza na Ng'. Mfumo ukakataa. Kila nilipoweka ile alama ya ritifaa, niliambiwa nimekosea. Nikapiga simu nikajibiwa, "Tumepokea, linafanyiwa kazi." Baada ya wiki tatu nikapiga tena. Akapokea mwingine, akaniuliza shida yangu ni nini, nikaanza kueleza upya. Siku ya mwisho ya kuandikisha ilinikuta nimekwenda Kayanga kwa bodaboda mara mbili kufuata mtandao. Nikaandika jina bila ritifaa. Leo mtoto huyo ana jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine shuleni, na aliyeandika kosa hilo ni mimi mwalimu wake.

Ndugu Mhariri, nani katika nchi hii hajaandika neno ng'ombe? Wataalamu wanaeleza kwamba katika lugha ya kompyuta ya kutunzia kumbukumbu, alama ile huonyesha mwisho wa maneno. Basi mtengenezaji asiye mwangalifu huona nafuu kuikataza kuliko kuishughulikia ipasavyo. Kosa lenyewe ni dogo. Ninachouliza ni hiki: lilipitaje mpaka likafika Kituntu bila kuonekana, na nilipolieleza liliishia wapi?

Sisi walimu tunafundishwa chuoni kwamba kazi ina mzunguko. Kuna azimio la kazi, kuna andalio la somo, kuna kufundisha, kuna zoezi, kisha tathmini inayorudi kurekebisha andalio la kesho. Programu ya kompyuta nayo ina mzunguko wake: kukusanya mahitaji ya watumiaji, kusanifu, kuandika, kujaribu, kuiweka kazini na kuitunza. Hatua hizo zikitengana, kila mmoja akiwa na daftari lake, habari hupotea kati ya daftari na daftari. Anayepokea simu hajui anachofanya anayeandika programu, na anayeandika hajui kwamba simu ilipigwa.

Dawa yake ipo, wala si mpya. Mwaka 2005 Linus Torvalds, raia wa Finland aliyeanzisha Linux, alitengeneza Git, chombo kinachotunza kila badiliko la programu pamoja na jina la aliyelifanya na siku yake. Mwaka 2011 Dmitriy Zaporozhets wa Ukraine alianzisha GitLab akiwa katika nyumba isiyo na maji ya bomba. Inaelezwa kwamba kukosa chombo kizuri cha kufanyia kazi na wenzake kulimsumbua kuliko safari yake ya kila siku kisimani. Sisi tunaochota maji mtoni tunaelewa uzito wa maneno hayo.

Vyombo vya namna hii huunganisha kikundi kizima. Lalamiko huandikwa mahali pamoja na kupewa namba. Mtu hukabidhiwa kulishughulikia. Marekebisho yake katika programu hubeba namba ile ile. Kabla hayajapokelewa, kompyuta yenyewe huyajaribu, na jaribio la ritifaa likishaandikwa mara moja litarudiwa kila programu inapobadilishwa, ili kosa lisirudi kwa mlango wa nyuma. Toleo jipya likitoka, aliyelalamika anaweza kufuata namba yake akaona kwamba limekwisha.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mfumo wa DHIS2, unaotumiwa na Wizara ya Afya kukusanya takwimu za zahanati na hospitali, unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya nao kazi miaka mingi. Orodha ya kasoro zake iko wazi, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuisoma.

Wapo watakaosema walimu ni wengi mno, wakisikilizwa wote kazi haitakwenda. Sivyo. Shule hamsini zikieleza kasoro moja, hiyo ni namba moja, na hamsini hiyo inaonyesha tu kwamba ishughulikiwe upesi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, iyatazame. Kwanza, kila mwalimu anayetoa taarifa ya kasoro apewe namba ya kufuatilia, hata kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Pili, namba hiyo iwe ile ile wanayoitumia watengenezaji, si ya daftari la mapokezi. Tatu, kabla mfumo haujaenea nchi nzima, ujaribiwe kwanza katika shule chache za vijijini, kwenye mtandao dhaifu na kwa majina ya watoto wetu wenyewe.

Mtoto niliyemtaja bado yuko madarasa ya chini. Ana miaka kadhaa kabla ya kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Naomba jina lake lirudishwe kabla hajaufikia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kituntu, Karagwe,
Kagera.