Mvua Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wa Darajani na Kariakoo wanaielewa methali hii kuliko sisi wengine, maana duka lisiloandikwa hufilisika huku mwenyewe akiamini anauza. Leo nataka kuwaambia ndugu zangu kwamba mvua nayo ni mali, upepo ni mali, majira ni mali, na sisi watu wa pwani tumeyaacha bila daftari kwa muda mrefu mno. Yanatuponyoka, na barazani tuna neno moja tu la kusema: "Hali ya hewa siku hizi haieleweki."

Neno hilo silikubali, na naomba msomaji anisikilize kwa nini.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kusema hivyo. Siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha hadi leo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, kwa wengi wetu imebaki kuwa ngoma, nguo mpya, kibanda cha kuchomwa moto na vijana wa kupigana kwa mashina ya migomba. Tumesahau kwamba siku ile ilikuwa mwanzo wa hesabu. Kuanzia hapo siku zilihesabiwa kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, mpaka zikatimia 365. Mwezi wa ibada hauwezi kumwambia mkulima apande lini, kwa sababu huzunguka majira yote. Ramadhani huja wakati wa kusi na huja wakati wa kaskazi. Kwa hiyo wazee wakashika hesabu mbili kwa pamoja, ya mwezi kwa ajili ya saumu na ya jua kwa ajili ya jembe na tanga. Nahodha alijua kwa miongo lini bahari itafunga. Mkulima alijua lini asafishe shamba na lini atie mbegu.

Babu yangu alikuwa akichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jiko kila mwongo ulipotimia. Sisi wajukuu tulidhani ni mchezo wa uzee, na nyumba ilipopakwa chokaa mistari ile ikafutwa pasipo mtu kuinukuu. Naandika haya kwa majuto. Ilikuwa kazi ya miaka, na ilipotea kwa brashi moja.

Sasa turudi kwenye hilo neno "haieleweki". Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, mbali na miji na viwanda. Alitaka kujua hewani kuna kiasi gani cha kaboni dayoksaidi, hewa ile inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na misitu. Alipata kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja. Akapima tena kesho yake, na keshokutwa, na mwaka uliofuata. Ni kazi ya kuchosha kuliko kuvuta kokoro, kwa sababu kokoro huleta samaki siku ile ile. Katika miaka ya 1960 fedha zilipungua hata vipimo vikasimama kwa muda, akahangaika mpaka vikaendelea. Alifariki mwaka 2005, na mwanawe Ralph akaishika kazi hiyo. Leo hesabu imepita 420, na kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa karibu 280. Hewa hii haina rangi wala harufu, jicho lisingeiona hata kwa miaka mia. Daftari ndilo lililoifichua.

Basi jambo linaeleweka. Hewa hiyo inaizuia dunia isipoe, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi usiku wa kaskazi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto linalozidi limemezwa na bahari. Na hewa ikipata joto hubeba maji mengi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo inapokausha ardhi huikausha kwelikweli, na inapoachia maji huyaachia kwa mkupuo. Tazama yaliyowapata jirani zetu wa kaskazini na mashariki mwa Kenya: tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa, mifugo ikafa njiani, na kabla mizoga haijaoza yote yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024. Ni ardhi ile ile, na ni mfugaji yule yule aliyeyaona yote mawili.

Hapa kwetu Unguja ushahidi uko majini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kwa haraka kikawa kazi ya akina mama. Mama aliyekuwa akisubiri mume arudi kutoka baharini akapata fedha yake mkononi, akajenga, akasomesha. Mwani wenye bei nzuri ni ule mnene unaoitwa kotoni. Mwembamba, spinosum, bei yake ni ndogo. Kuanzia miaka ya mwanzoni mwa 2000 kotoni ikaanza kuwa nyeupe, kulainika na kukatika kambani. Maji ya pwani yakipwa jua la mchana huyachemsha pale kwenye vigingi, na mwani ule hauvumilii joto. Wengi wakarudi kwenye spinosum, yaani kazi ile ile ya kuinama saa nyingi wakati wa bamvua kwa malipo madogo zaidi. Wakashauriwa wauhamishie mwani kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi. Ushauri ni sahihi, lakini kina kirefu kinataka chombo na kinataka mtu ajuaye kuogelea, na wengi wa mama hawa hawakufundishwa kuogelea wakiwa wasichana. Kumfundisha binti kuogelea katika vijiji vya mwani sasa ni sehemu ya elimu ya maisha, na mzazi anayeona aibu katika hilo afikiri upya.

Nililotaka kulisema hasa ni hili. Mama hawa wanajua. Ukikaa nao wakifunga mbegu watakueleza maji yanachoma wapi na mwezi gani. Lakini ukiuliza ni mwaka gani kotoni ilianza kufa kijijini kwao, na mwaka huo kulikuwa na siku ngapi za joto kali, jibu ni "zamani, mwanangu". Ujuzi wote umo vichwani, na vichwa vinazikwa.

Tena kuna hatari nyingine ya kukosa daftari, nayo ni kusema uongo bila kukusudia. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024 nilisikia watu wakiapa kwamba jambo kama hilo halijawahi kutokea. Limewahi. Mwezi Aprili 1872, enzi ya Sayyid Barghash, dhoruba iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tunayajua haya kwa sababu kuna walioandika. Asiyeandika ataangukia moja kati ya mawili: kila upepo atauita mabadiliko ya tabianchi, au hata nyumba ikielea atasema hakuna kilichobadilika. Wote wawili wanapiga ramli.

Najua nitajibiwa kwamba moshi huu unaoipasha dunia joto si wetu. Ni kweli, na nasema kwa sauti: Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hii ya joto, na waliotajirika kwa makaa ya mawe na petroli wana deni kwetu. Lakini mdai anakwenda kwa kadhi na nini? Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh kule Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuwalipa waliopata hasara na uharibifu. Katika kudai fedha za mfuko huo, nguvu watakuwa nayo wanaoweza kuonyesha: mwaka huu mvua ilichelewa siku kadhaa, maji ya chumvi yaliingia kisima hiki, mpunga huu ulikufa tarehe hii. Kijiji kitakachokwenda na "zamani, mwanangu" kinaweza kurudi mikono mitupu.

Wapo pia watakaosema mvua ni ya Mungu, tuache kumwingilia. Muadhini aliyesimika kijiti mchangani akapima kivuli chake apate kuijua alasiri hakumwingilia Mungu. Alitii. Na sisi tunapima ibada kwa saa, tunapima unga kwa kibaba, iweje riziki inayotoka mbinguni tu ndiyo isipimwe?

Nawasemesha walimu kwanza, kwa maana ni nadra kijiji kukosa shule. Tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya milimita. Liwekeni uwanjani, mbali na mwembe na upenu wa bati. Kila siku saa 3 asubuhi mtoto mmoja apime, aandike, amwage. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 25 juu ya bati la mita 40 za mraba ni lita 1,000, mapipa matano. Mtoto akiifanya hesabu hiyo mara moja atakwenda nyumbani kumwuliza baba kwa nini hatuna mfereji wa bati, na baba hatakuwa na jibu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na vuli, nao ni wa kusikilizwa, ila unazungumza na kanda nzima. Kopo la shuleni litazungumza na bonde lenu.

Wakulima, andikeni tarehe ya tone la kwanza na tarehe mliyopanda. Mama wa mwani, andikeni siku mbegu ilipotiwa na siku ilipoanza kuwa nyeupe. Asiyejua kuandika ana mjukuu. Wavuvi, andikeni siku kusi ilipoingia. Masheha, pokeeni madaftari haya kila mwisho wa mwaka na myahifadhi panapofungwa, pasipofikiwa na mchwa wala chokaa. Habari ya mikoko inayokatwa kwa ajili ya mkaa imeandikwa sana, sitairudia. Nasema tu kwamba mwenye kuhesabu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona ufuo uliobaki wazi unavyoliwa na bahari, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kupanda mikoko.

Daftari la kurasa mia si kitu cha bei kubwa. Linunue kabla vuli haijaingia, lifunge kwa uzi mlangoni pamoja na kalamu, na tone la kwanza likigonga bati, inuka uliandike.