KOMPYUTA ISIPOWAKA, TUSIWE WEPESI WA KUIHUKUMU



Siku hizi, katika ofisi za shule na za vyama, majina ya wanafunzi, alama za mitihani na hesabu za fedha mara nyingi vimo ndani ya kompyuta ya mezani. Lakini asubuhi moja karani abonyeza kitufe, na mashine haiamki. Mmoja asema: «Imekufa, tununue nyingine.» Wa pili asema: «Fundi aifomati.» Hili la pili ndilo shauri baya zaidi, kwa maana kufomati ni kufuta. Tujue tangu mwanzo: mashine kutowaka ni jambo moja, na maandishi kupotea ni jambo jingine. Mara nyingi mashine imelala, lakini maandishi ni mazima.

Kompyuta huamka kwa utaratibu. Kwanza umeme waingia. Pili, programu ndogo iliyomo katika bodi kuu yachunguza viungo vya mashine. Tatu, programu hiyo yaitafuta diski yenye mfumo, kama Windows au Linux, na kuukabidhi kazi. Ndivyo ilivyokuwa hata katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Basi swali letu liwe hili: imekwama katika hatua gani?

1. Hakuna taa, wala feni haizunguki. Usifungue kitu bado. Jaribu soketi kwa chaja ya simu. Sukuma waya wa umeme mpaka mwisho, pande zote mbili. Kisha jaribu waya mwingine. Tazama nyuma ya mashine: swichi ndogo yenye alama I na O sharti ilalie I. Mashine nyingine za zamani zina pia kidude cha kuchagua 115 au 230. Umeme wa Kongo ni volti 220, basi kiwe kwenye 230. Kikiwekwa 115, mashine itaungua. Halafu chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, ukachomeke tena. Ikikataa bado, huenda kisanduku cha kugawa umeme kimeharibika, hasa kama umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu. Kisanduku hicho hubadilishwa kizima. Asiye fundi asikifungue kamwe, kwa maana huweka umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

2. Feni yazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Hakikisha kwamba skrini yenyewe ina umeme na waya wake haukulegea. Kisha chomoa umeme, fungua kasha, na uguse kwanza chuma chake, ili umeme wa mwilini usidhuru viungo. Toa vipande vya kumbukumbu, yaani RAM. Sugua meno yake polepole kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi, uvirudishe mpaka vibanio vifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Mashine ikilia «pi, pi», hesabu milio na kuiandika: kila kiwanda kina maana zake, na fundi atazitafuta.

3. Maandishi yatokea, yakisema kwamba diski haionekani. Toa kwanza flashi yoyote iliyochomekwa. Tazama tarehe ya mashine. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya bodi kuu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, imekwisha, na mashine imesahau mipango yake. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Kama tarehe ni sawa, chomoa umeme na ukaze nyaya za diski. Lakini diski ikigongagonga ndani, zima mara moja wala usijaribu tena. Kila jaribio laweza kuiharibu zaidi.

Kazi hizi zikishindikana, mwite fundi. Lakini kabla hajafanya lolote, mwambie wazi: «Nakili maandishi yetu kwanza.» Aweza kuifunga diski katika kompyuta nyingine, au kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, na kunakili pasipo kuandika kitu juu ya diski. Akijibu kwamba ni lazima kufomati kwanza, mtafute fundi mwingine.

Tena tusingoje siku ya msiba. Kila juma, mwenye dhamana anakili kazi katika diski ya pili, na diski hiyo isilale katika chumba kimoja na kompyuta. Mashine huuzwa sokoni. Alama za watoto wa miaka kumi haziuzwi popote.