Eti Ubongo Kids ni ya Watoto

Wanachuo wenzangu, tamthilia za Kikorea tunazijua mpaka majina ya waigizaji, ila ukitaja Ubongo Kids chumba kizima kinacheka. "Hizo za watoto bwana!" Sisi wa ualimu ndio tusingecheka. Katuni hii imetengenezwa Dar es Salaam, ikaanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, na inafundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo. Kina Kibena na Kiduchu wanakwama kwanza, kanuni inakuja baadaye, wakati wanaihitaji. Sisi tunaanza na kanuni ubaoni, halafu tunashangaa mtoto anasinzia! Huku Ufipa kuna watoto wanaingia darasa la kwanza na Kifipa chao tu. Hao picha na wimbo vinawafaa kuliko fimbo.

Wenyewe wana pia Akili and Me, ya mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Safi, ila maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200, nani atayachora? Na Ziwa Rukwa je?

Ukienda TP, beba vipindi viwili kwenye simu. Banda umiza la kijijini halina hizo, pale ni mpira na muvi zilizotafsiriwa.