Biashara na ladha: Kutoka duka la Mhindi Ujiji hadi mbaazi za 2017

Mfanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika akiulizwa kwa nini bei ya dagaa au mawese imepanda, atataja mvua, mbalamwezi, barabara na bei ya dizeli. Yote hayo ni kweli. Ni nadra kumsikia akitaja kile watu wanachopenda kuvaa, kutazama, kusikiliza na kula. Na hapo ndipo wageni waliofanya biashara katika eneo hili walipotuzidi tangu zamani.

Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa soko la mitindo. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na wasafiri waliowafuata, waliandika habari ndefu kuhusu shanga. Si kwamba walipenda mapambo. Shanga iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo wa bure. Sokoni Ujiji shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha kabisa. Kwa nguo hali ilikuwa hiyo hiyo: kulikuwa na merikani kutoka Marekani, na kaniki ya rangi ya nili kutoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vilipokata pamba, nguo za viwanda vya Uingereza na India zikapata nafasi ya kujaza pengo. Mtu aliyepigana Virginia hakujua kwamba anabadilisha mavazi ya Manyema.

Mfano wa mgeni aliyeielewa biashara hiyo ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, magharibi ya India, akaja pwani yetu akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, akajifunza kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Alipoanza kujitegemea hakukaa pwani kusubiri wateja. Alifungua matawi kufuata njia ya misafara, likiwemo la Ujiji, kisha akavuka kwenda Kongo, na baadaye akafuata reli ya Uganda kituo kwa kituo. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na maduka kwa makumi katika Afrika Mashariki, mitambo ya kukamua mafuta na kuchambua pamba, na kiwanda cha sabuni Mombasa.

Kwa macho ya mchumi, mtandao huo wa maduka ulikuwa na faida mbili. Ya kwanza inajulikana: kununua kwa jumla na kuuza rejareja, huku mazao ya wenyeji yakirudi pwani kwa njia ile ile. Ya pili ni habari. Karani aliyekaa Ujiji aliona kwa macho yake nguo ipi inaisha na ipi inaota vumbi, na taarifa hiyo ikafika pwani kabla mshindani hajafunga mizigo. Mtaji wa tajiri wa aina hiyo ulikuwa fedha, ndiyo, lakini pia ulikuwa kujua mama wa Ujiji anataka nini mwezi ujao. (Tusiipambe biashara hiyo kupita kiasi. Misafara ya wakati wa Sewa Haji ilihusu pia pembe za ndovu, na kabla yake watumwa. Wapo waliopata na wapo waliopotea.)

India haikuacha kutuuzia ladha yake. Kwa miongo mingi kumbi za sinema za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar zilijaa watu wa rangi zote kutazama filamu za Kihindi. Taarabu ikaazima sauti zake. Baadaye vibanda vya video vikaleta watafsiri wa filamu kama Lufufu, na mtu asiyejua neno la Kihindi akalia na mama wa kwenye filamu kama analia msibani kwao. Pembeni ya filamu zilikuja bangili, vitambaa, mafuta ya nywele, viungo. Hata kanga, vazi letu wenyewe, nyingi huchapwa India, zikiwa na methali za Kiswahili pembezoni. Aliyezichapa huko alijifunza kwanza maneno gani mwanamke wa hapa anataka jirani yake ayasome.

Je, sisi tumewahi kuiuzia India namna hiyo? Mwaka 2022 ilitokea. Kijana Mmaasai, Kili Paul, na dada yake Neema walijirekodi kwa simu wakifuatisha nyimbo za filamu za Kihindi, wakapata wafuasi kwa mamilioni. Ubalozi wa India Dar es Salaam ulimpa heshima, na Februari mwaka huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Watanzania wengi walicheka na kufurahi, na walikuwa na haki. Swali la mchumi ni baya kidogo: ni kilo ngapi za bidhaa yetu zilizopanda meli kufuata jina hilo?

Upande wa bidhaa tulikuwa tumeshapata somo kali miaka mitano nyuma. Wakulima wa Lindi, Mtwara, Manyara na kwingineko walilima mbaazi kwa wingi kwa sababu India ililipa vizuri. Sisi hapa hatuzili sana. Mhindi hula dengu na mbaazi kila siku, ndizo nyama ya maskini na ya asiyekula nyama. Tarehe 5 Agosti 2017 Serikali ya India, ikiwa na mavuno mazuri ya wakulima wake, ilitangaza kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Bei huku zikaanguka mpaka wakulima wengine wakaona heri kuziacha zikaukie shambani. Msumbiji ilisalimika kwa kiasi fulani, kwa kuwa Julai 2016 ilikuwa imetia saini makubaliano maalumu na India ya kuuza mbaazi, na kiasi hicho hakikuguswa na kikomo. Mwezi huo huo Modi alikuwa amefika Dar es Salaam. Jirani yetu alitoka na karatasi ya mbaazi, sisi hatukutoka nayo. India ilifungua tena mlango Mei 2021, lakini kwa msimu kwa msimu, na mkulima hawezi kupanga shamba kwa ruhusa inayohesabiwa kwa miezi.

Mkulima wa Kigoma atasema mbaazi si zao lake. Basi tuje kwenye mawese. India ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani wa mafuta ya mawese, hasa kutoka Indonesia na Malaysia. Ikipandisha au kupunguza ushuru, bei ya dunia inasogea, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam yanasogea nayo. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje kwa wiki tatu hivi, dunia nzima ilitikisika. Tanzania huwa inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Takwimu zilizotajwa na serikali miaka ile kampeni ya michikichi ilipoanza, mwaka 2018, zilikuwa mahitaji ya karibu tani 570,000 kwa mwaka na uzalishaji wa tani 205,000 hivi. Kituo cha TARI Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu ya tenera, ambayo hutoa mafuta mengi mara kadhaa kuliko dura ya babu zetu.

Mbegu ni jambo jema. Ila ladha haijashughulikiwa. Mawese mekundu yana wapenzi Kigoma, Burundi na Kongo. Ukifika Dar es Salaam, mama mwenye kibanda cha chipsi anataka mafuta meupe yasiyo na harufu. Bila mitambo ya kusafisha, tenera itaongeza mafuta mekundu katika soko lile lile la watu wale wale, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi anajua bei itaelekea wapi. Kuna njia mbili: kuyasafisha yafanane na ya Malaysia na kupigana nayo kwa bei, au kuyauza kwa wanaoyataka yakiwa mekundu. Mimi naona wafanyabiashara wadogo waanze na ya pili. Bujumbura, Uvira na Kalemie ziko karibu kuliko Kariakoo, na huko hakuna haja ya kumfundisha mtu kupika kwa mawese.

Kwa dagaa jina tunalo tayari. "Dagaa wa Kigoma" ni sifa inayouza hata Arusha, na ndiyo maana dagaa wa maji mengine nao huitwa hivyo sokoni. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu, akiwemo Diamond Platnumz, walikusanyika kama Kigoma All Stars na wimbo wa Leka Dutigite, na jina la Kigoma likachezwa kila kona ya nchi. Hakuna pakiti ya dagaa iliyofuata wimbo ule dukani. Allidina Visram angekuwa na mzigo njiani kabla wimbo haujapoa.

Na sasa mzigo wenyewe umekuwa haba. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kilo zikipungua, kinachobaki ni kuongeza thamani ya kila kilo. Tuchukue mfano tu: mwanamama wa Kibirizi ana kilo 100 za dagaa walioanikwa mchangani. Mnunuzi akipepeta zikabaki 90, basi ameshapoteza kilo 10, na hizo 90 atazilipia bei ya dagaa wa mchanga. Wangeanikwa kwenye kichanja asingekatwa kwa ajili ya mchanga, na bei ingekuwa ya juu. Kichanja ni miti na nyavu kuukuu. Mfuko wenye jina la mwalo ulikotoka mzigo unachapwa Dar es Salaam, na wanaochapa hukubali oda za vikundi. Kikundi cha wanawake ishirini wakichangia, gharama ya mfuko mmoja inakuwa ndogo mno ukilinganisha na ile kilo moja kwa kumi inayobaki kwenye ungo wa mnunuzi.