MICHEZO SI YA VIJANA PEKE YAO
Na Mfanyakazi wa Reli, Isiolo



Chama chetu hudai mshahara, hudai nyumba, hudai likizo, na hayo yote ni mema. Lakini saa ya mapumziko tukiisha kuipata, twaifanyia nini? Wengi wetu tukifika miaka 35 twakaa chini. Twasema mpira na mbio ni mambo ya vijana, kazi yetu sisi ni kutazama. Mimi nayapinga maneno hayo. Nasema mtu wa makamo aweza kuanza mchezo wa kushindana, hata kama hakuucheza tangu alipotoka shule, na tawi la chama limpe nafasi.

Kwetu ni Isiolo. Reli haijafika huko, huishia Nanyuki, basi mimi hufanya kazi upande huo na kurudi nyumbani siku za mapumziko. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 36, katika barabara ya vumbi nje ya mji, alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Watoto walinifuata wakiuliza, "Mzee, nani anakufukuza?" Wazee walidhani mifugo imeibwa. Juma la tatu wote walichoka kucheka, nami sikuchoka kukimbia.

Jirani na Isiolo, huko Lewa, mbio zilianzishwa mwaka 2000, nazo hufanywa mwezi wa Juni. Watu hukimbia kilomita 21 au 42 ndani ya hifadhi, askari wakilinda njia kwa ajili ya wanyama. Nchi ile ni ya juu, kama mita 1,700, na pumzi hupungua upesi. Mabingwa hutangulia, lakini nyuma yao wako makarani, walimu na wenye maduka, wengine wana mvi. Wa mwisho naye huvuka mstari uleule aliovuka wa kwanza.

Tena tumtazame Mkenya mwenzetu Kenneth Mungara. Alikuwa kinyozi, na wakimbiaji walikuwa wateja wake. Alianza mbio akiwa amepita miaka 30. Mwaka 2010 alishinda marathoni ya Toronto kwa muda usiofika saa 2 na dakika 8. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda Gold Coast huko Australia kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Sisemi kila mmoja wetu atakuwa Mungara. Nasema mlango haukufungwa.

Duniani kuna mashindano ya riadha ya watu wazima tangu mwaka 1975. Huanzia miaka 35, na watu hupangwa kwa miaka mitano mitano, ili mtu wa miaka 50 asishindanishwe na kijana. Mpango huo hauna gharama. Tawi lolote laweza kuufuata.

Wako watakaosema, "Mimi hubeba mataruma kutwa, mazoezi ya nini tena?" Ndugu, kubeba mataruma huchosha mgongo, hakuzoezi pumzi vizuri. Na dereva wa treni je? Na karani? Hao hukaa kutwa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 au zaidi kwa juma. Makampuni na idara nyingi huajiri mabingwa wavae jezi zao. Si vibaya, twawashangilia. Lakini bingwa mmoja akikimbia, presha ya watu mia waliokaa haishuki.

Anayeanza asifanye pupa. Apimwe presha kwanza. Atembee, akimbie kidogo, atembee tena, na aongeze mwendo polepole juma kwa juma. Magoti hayana vipuri ghalani.

Basi naomba matawi yafikirie mambo matatu. Kwanza, siku ya michezo iwe na mashindano ya wanaoanza, wa miaka 35 na zaidi, wanaume kwa wanawake. Pili, wenye zamu za usiku waruhusiwe kubadilishana zamu siku hiyo, kwa maandishi, ili asitozwe mtu faini. Tatu, waume tusaidie nyumbani, maana mama akitoka kazini hukuta maji na moto vinamngoja, naye pia ana miguu.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Haki hizo hazikunyesha kama mvua; wafanyakazi waliotutangulia waligoma na kufungwa kwa ajili ya saa zao. Ni aibu kuzipata saa hizo kisha kuzimalizia kwenye benchi, tukingoja ugonjwa utupate na kiinua mgongo kiishie hospitali.

Mkutano ujao wa tawi, mtu mmoja asimame alitaje jambo hili, na wa pili amuunge mkono.

Umoja ni nguvu.