Mashauri ya Msafiri: Kutoka Kiwanja cha Ndege hata Bagamoyo

Mwezi huu twataka kunena habari ya safari ambayo nyumba zetu nyingi zina haja nayo, ndiyo safari ya mtu ashukaye kwa ndege Dar es Salaam akitaka kufika Bagamoyo. Zamani aliyekuja Bagamoyo alikuja kwa miguu au kwa jahazi. Siku hizi mtoto wetu afanyaye kazi Mwanza, au ndugu aliyeko ng'ambo, hupanda ndege. Naye mara nyingi huja kwa jambo kubwa: ndoa, ubatizo, ugonjwa wa mzazi, au maziko. Katika mambo hayo, kuchelewa saa moja si kitu kidogo.

Basi neno la kwanza ni hili: ndege humleta mtu upesi, lakini haimfikishi. Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ndege huruka muda wa saa moja u nusu hivi. Kutoka kiwanjani mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu, wala hakuna mlima wa kupanda. Lakini njia hiyo yaweza kula saa mbili, hata tatu, na siku ya mvua, au jioni watu watokapo kazini, huzidi. Wengi wamehesabu kilomita wakasahau kuhesabu saa. Ndipo utamwona mtu ametua saa saba mchana, na maziko ni saa tisa. Akifika huwakuta watu wakirudi kutoka makaburini. Rubani hana kosa. Jamaa nao wana uchungu, maana ndio waliomwambia, "Utawahi," kwa sababu jirani yao aliwahi siku ya Jumapili. Wazee walisema, Usisafirie nyota ya mwenzio.

Sasa tukitazame kiwanja chenyewe. Kipo Kipawa, kando ya barabara ya Nyerere, kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji, na huitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Kina majengo matatu ya abiria, wala hayakushikana. La kwanza ni la kale, nalo hutumiwa na ndege ndogo. La pili lilifunguliwa mwaka 1984, na huko hushukia abiria wa safari za ndani ya nchi. La tatu lilifunguliwa mwaka 2019. Hilo ni la ndege zitokazo nchi za nje, nalo lilijengwa liweze kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Kwa hiyo mpokeaji asiulize saa tu, aulize pia, "Unashukia jengo la ngapi?" Asiyeuliza aweza kusimama mlango huu, na mgeni wake amesimama mlango mwingine, kila mmoja akidhani ametupwa.

Yule atokaye nchi yenye homa ya manjano aje na cheti cha chanjo. Tena mifuko ya plastiki ilikatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, basi zawadi zake azitie katika kikapu au mfuko wa nguo.

Mtu akiisha kupata mizigo yake, asimkabidhi asiyemjua. Akitaka teksi, apatane nauli kabla ya kuingia. Asiye na fedha nyingi aulize daladala za kwenda upande wa Makumbusho, maana huko ndiko yapatikanako magari ya Bagamoyo. Njia hufuata barabara ya Nyerere hata Tazara, hugeuka kuelekea Ubungo, kisha Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Hapo kati ya Ubungo na Tegeta ndipo muda upoteapo. Mgeni atuaye usiku, tena na mzee au watoto wachanga, ni afadhali alale kwa jamaa Dar es Salaam, aondoke alfajiri. Na wale wajao kwa basi kutoka Moshi au Tanga wakumbuke kwamba Msata iko barabara ya lami iendayo Bagamoyo moja kwa moja. Hawana haja ya kuingia Dar es Salaam kwanza.

Shughuli ikiisha, msimwache mgeni arudi bila kuuona mji. Mpelekeni Ngome Kongwe, na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Mpelekeni Kaole, kusini ya mji, akaone magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Ila msipite pwani kwa njia ya upweke, tena msimwache aende peke yake. Pia mwonyesheni misioni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako waliokombolewa katika utumwa walipewa makao. Huko upo mnara wa kanisa la kwanza, uitwao kwa jina la Livingstone.

Habari ya mnara huo yawafaa sana wasafiri. Livingstone alikufa mwezi Mei 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Waafrika waliokuwa naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, walimzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu mpaka pwani. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, India, ndiye aliyesoma sala ya maziko. Tarehe 24 Februari 1874 mwili uliwasili Bagamoyo, ukalazwa misioni, kisha ukavushwa Unguja. Mwezi Aprili ukazikwa London. Watu hawa hawakuwa na ndege wala motokaa. Walifika kwa sababu kila mmoja alijua kazi yake: wa kuchukua alichukua, wa kuandika aliandika, wa kutafuta njia aliitafuta.

Na sisi tugawane kazi vivyo hivyo. Habari ya msiba ifikapo, mmoja awe wa kuulizia ndege, mwingine aende kiwanjani, na mwingine akae na wazee wapangao saa. Kama ajaye ni mtoto wa marehemu, saa ya maziko isikatwe kabla ya kujua ndege yake inatua lini. Na tangu kutua kwake zihesabiwe saa nne, si mbili. Ninyi walimu, ambao mara nyingi huandikishwa barua na ujumbe wa jamaa, hili ni lenu: mwandikieni msafiri saa ya shughuli, jina la mpokeaji, na namba ya jengo. Maneno hayo matatu yana faida kuliko salamu za kurasa mbili.

Tena mgeni akumbushwe adabu ya mji. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, nao ni jirani zetu katika furaha na matanga. Avae nguo za heshima, awaamkie wazee shikamoo, asipige picha za watu bila ruhusa, na mwezi wa Ramadhani asile njiani mchana.

Husemwa, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa mgeni angali njiani Ubungo, na kaburi limekwisha kufukiwa. Basi tupange mapema, tupate kulia pamoja na kucheka pamoja. Kwaherini mpaka mwezi ujao.