Baraka–Fizi: Gari hainywi maji, gari inavuja

Kwenye parkingi za Baraka kuna neno moja ambalo mashofere na mapatroni wao wanalisema kana kwamba ni sheria: "Gari ya zamani lazima inywe maji." Kisha bidoni mbili tatu za njano zinafungwa juu ya mizigo, konvwayeri anapanda, na gari inaondoka kuelekea Uvira au Fizi-centre.

Neno hilo ni uongo. Moteri inakula mazuti, na ikichoka inakula hata mafuta. Maji haili. Maji ya radiateri yanazunguka katika njia iliyofungwa: yanatoka kwenye radiateri, yanasukumwa na pompe, yanapita ndani ya bloki na kichwa cha moteri, yanarudi kupoa. Gari yenye miaka thelathini, kama njia hiyo ni nzima, inaweza kukaa wiki nyingi bila kuongezwa kitu. Maji yakipungua, kuna mahali yametokea. Anayeongeza bidoni kila baada ya kijiji hajatengeneza chochote. Anaendesha tundu.

Na anayelilipia tundu hilo si patroni aliyebaki nyumbani. Ni mama aliyeketi juu ya magunia na watoto wake. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, barabara ya kitaifa namba 5 imebeba familia nyingi zinazokimbia kuelekea kusini, mbali na zile za milima ya Fizi ambazo zilikuwa zimekwisha kuhama mara ya pili na ya tatu. Toka Uvira hadi Baraka ni karibu kilomita 90 tu. Lakini gari ikichemka kati ya Makobola na Mboko saa kumi na moja jioni, kilomita hizo zinageuka usiku mzima nje, pahali ambapo familia haijui mtu, na kila mwenye bunduki anayepita ana swali lake.

Tena bidoni za konvwayeri zikiisha, anageukia abiria. "Mama, tusaidie na maji kidogo, tufike." Maji yale mama aliyoyatia klori kwa ajili ya watoto yanamwagwa ndani ya radiateri, na watoto wanakunywa ya mto. Hapa Fizi, ambako kipindupindu kinarudi kila mara kwenye mwambao wa ziwa, huo ni msaada wa bei kali sana.

Mashofere wanajitetea kwamba kutafuta mvujo ni kazi ya garaje kubwa za Bujumbura au Dar es Salaam. Si kweli. Mara nyingi mwizi wa maji ni kile kitu kidogo kuliko vyote: kifuniko cha radiateri. Watu wengi wanakiona kama kifuniko cha chupa, kumbe ni vali. Juu yake kumeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni presha ambayo kifuniko kinapaswa kuishika kabla ya kufungua. Baraka iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 97 hivi. Chini ya kifuniko kizima cha 0.9, maji hayo hayo hayachemki mpaka yapite digrii 115. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka, au kile kilichofungwa kwa kitambaa na kamba, kinaondoa kinga hiyo yote. Gari ikianza kupanda kuelekea Fizi-centre, maji yanachemka mapema na kutoka kama mvuke. Fundi anatafuta tundu chini ya gari, wakati tundu liko juu, mbele ya macho yake.

Ndiyo sababu pia kifuniko hakifunguliwi moteri ikiwa moto. Maji yaliyopita digrii 100 yanageuka mvuke mara tu presha inapoondoka, na makonvwayeri walioungua uso na mikono wanajua. Wanatumwa wao kufungua, shofere anasimama kando.

Kifuniko kikiwa kizima, kutafuta kunahitaji subira kuliko pesa. Moteri inaoshwa, inaachwa ikauke, gari inatembea kidogo, kisha fundi anaangalia kwa tochi. Mvujo wa kwenye moteri ya moto hauachi tone. Maji yanakauka palepale na kubakiza njia nyeupe, kama chumvi. Njia hiyo ifuatwe kwenda juu mpaka inapoanzia. Usiku, karitoni linatandazwa chini ya gari. Tone la mbele ni la radiateri au la mpira wa chini, tone la upande wa mkanda ni la pompe. Chini ya pompe ya maji kuna kitundu kidogo kilichowekwa na waliounda gari kwa makusudi: kikilowa, kinasema mpira wa ndani wa pompe umekufa. Kuna mafundi wanaokiziba kwa kijiti au kwa gundi! Maji yakikosa pa kutokea yanaingia kwenye bili za pompe, bili zinavunjika, na pompe yote inakwama njiani.

Kwa mvujo uliojificha kuna kifaa ambacho fundi yeyote wa Baraka anaweza kujiundia. Anachukua kifuniko cha zamani, anakitoboa, anachomelea valvu ya tairi, anaziba vizuri. Moteri ikiwa baridi, anajaza radiateri mpaka juu, anafunga, kisha anasukuma hewa kwa pompe ya baiskeli yenye saa ya presha mpaka kwenye namba ileile ya kifuniko cha gari, asiipite, maana radiateri nzee itapasuka. Anangoja robo saa. Mshale ukishuka, maji yatajionyesha yenyewe: kwenye kola iliyolegea, kwenye ufa wa mpira, kwenye kizibo cha bloki kilicholiwa na kutu. Baiskeli si kitu kinachokosekana Baraka.

Mshale ukishuka na nje kukabaki pakavu, hapo ndipo kuna taabu. Huenda jointi ya kulasi, ile iliyo kati ya bloki na kichwa cha moteri, imeungua, au kichwa chenyewe kimepasuka. Dalili zake hazifichiki: moshi mweupe ambao hauishi hata moteri ikishapata moto, mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, mipira ya maji inayokuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi. Mfuko wa plastiki ukifungwa kwenye mdomo wa radiateri moteri ikiwa baridi, kisha gari ikawashwa, mfuko unavimba kwa hewa ya silinda. Gari ya namna hiyo haifai kupakia mtu hata mmoja.

Lakini ilifikaje huko? Karibu kila mara ilianza na kola au kifuniko. Gari ikachemka, shofere mwenye haraka akamwaga maji baridi ya mto juu ya chuma kilichowaka, na chuma kikapasuka. Alipaswa kungoja moteri ipoe, kisha aongeze pole pole. Patroni aliyekataa kununua mpira mmoja sasa anatafuta kichwa kizima cha moteri.

Kuna dawa nyingine za parkingi zinazostahili kusemwa wazi. Sabuni kwenye ufa wa radiateri inaweza kufikisha gari hadi garaje ya karibu, na hapo mwisho wake. Kuitumia miezi sita ni kuziba mishipa ya radiateri kutoka ndani. Na ile tabia ya kutoa termosta na kuitupa, eti "huku hakuna baridi", inasifiwa kama ujuzi. Katika moteri nyingi, termosta ikifunguka ndiyo pia inaziba njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye moteri bila kupita kwenye radiateri, na mlimani gari inachemka zaidi kuliko kwanza. Kuipima ni rahisi: inatiwa kwenye sufuria ya maji yanayopata moto. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, imekufa, inunuliwe nyingine.

Hata maji yenyewe. Ya ziwa Tanganyika ni matamu kwa samaki, ila yana madini mengi, na yakichemshwa kila siku yanabakiza ganda jeupe, lile lile linalobaki ndani ya birika la chai. Ganda hilo linakaa ndani ya radiateri na kuizuia isipoe. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora. Maji ya rangi, yale yanayoitwa antijeli, wengi wanayacheka kwamba ni ya nchi za theluji, kumbe ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na kutu Baraka ipo kama ilivyo Ulaya.

Mapatroni watasema barabara ndiyo mbovu, na barieri zinakula pesa za mapiyesi. Yote mawili ni kweli. Mashimo yanalegeza radiateri kwenye bolti zake, na franka zinazoachwa njiani zingenunua mipira mipya. Serikali na wanaoweka barieri hizo wana deni lao hapo. Lakini hakuna barieri iliyomlazimisha mtu kufunga radiateri kwa kitambaa. Na patroni huyo huyo anapopandisha bei ya safari kwa wahami, kwa sababu anajua hawawezi kungoja kesho, hasemi tena kwamba pesa haipo.

Viongozi wa parkingi wanaandika majina ya abiria na kuhesabu mizigo. Wanaweza pia kuhesabu bidoni. Gari inayoondoka na bidoni tatu za maji ya radiateri imekwisha kukiri yenyewe kwamba inavuja, na isipakiwe mpaka fundi aipime robo saa kwa kifuniko kile chenye valvu. Polisi wa rulaji, wanaposimamisha gari kuuliza karatasi, waangalie juu ya mizigo.

Na abiria wana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: "Papa shofere, toka Uvira umeongeza maji mara ngapi?" Akijibu mara nne, mama ashushe watoto, aangalie gari nyingine, na maji yake ya klori abaki nayo.